Bakora nzito inayofunguka katikati: ni bunduki ya upepo? Itunzwe vipi?

Mwenye_Bakora

Assalaam alaykum wanajukwaa. Katika mirathi ya nyumba moja ya Mkunazini imetoka bakora ambayo si bakora. Kwa mbali utasema ni mti mweusi uliopigwa vanishi, hata vifundo vya mti vimeigizwa. Ukiishika ndiyo unajua ni chuma: urefu sm 91, uzito kilo 1 na gramu 300.

Inafunguka katikati kwa hesi. Kipande cha juu, cha kushikia, kimezibwa kote isipokuwa shingoni, na hapo katikati pana kijiti cha chuma kinene kama msumari mdogo. Kipande cha chini ni bomba. Karibu na maungio kina tundu la mraba ubavuni na kidude kama kifungo kilichozama. Ncha ya chini ina kofia ya shaba ya manjano, inatoka. Jina la fundi halipo, ila kuna namba iliyopigwa kwenye vipande vyote viwili, na ni moja.

Pamoja nayo kuna pampu ndefu nyembamba yenye pau mbili za kupingana, ufunguo wa kichwa cha mraba, kalibu ya kumiminia risasi na kisanduku cha mbao chenye gololi kumi na kitu zilizofanya unga mweupe.

Fundi wa baiskeli anasema tukate wosha mpya ya pampu, tujaze upepo, tuone kama inashika. Sijakubali bado. Nauliza: ni kitu gani hasa, nani walikuwa wakikitengeneza, kujaza ni salama, na kwa unyevu huu wetu kihifadhiwe vipi?

---

KerezoNaTupa

Wa'alaykum salaam. Usijaze. Sababu nitazieleza, lakini hilo lishike kabla ya yote.

Ulichonacho kwa maelezo yako ni bakora ya upepo ya Kiingereza, ya karne ya 19. Nyingi zilitengenezwa Birmingham na kuuzwa kwenye maduka ya bunduki ya London, ndiyo maana mara nyingi utakuta jina la duka au hakuna jina kabisa, fundi mwenyewe hajulikani. Namba kufanana ni habari njema: vipande hivyo vilizaliwa pamoja.

Kwanza hakikisha si ndugu yake wa baruti. Zilikuwapo bakora za fataki, kama zile za Remington za Marekani zilizopewa hataza mwaka 1858. Hizo zina chuchu ya kuvalia fataki, na zinaweza kuwa na baruti ndani mpaka leo. Yako ina kijiti cha vali shingoni na pampu yake, kwa hiyo ni ya upepo. Hata hivyo ichukulie kuwa imeshindiliwa. Toa kofia ya chini, ingiza kijiti cha mti, si cha chuma, taratibu mpaka kigote, tia alama, kisha kilaze nje ya bomba ulinganishe. Kikigota mapema kuliko mwisho wa mtutu, ndani mna kitu. Mdomo wa bomba usielekee kwako wala kwa mtu.

Inavyofanya kazi. Kipande cha kushikia ndicho tangi la upepo. Kile kijiti ni mguu wa vali: koni ndogo iliyokerezwa kwa pembe ya mnyama, imekaa kwa ndani, inasukumwa nje na kamani yake na upepo wenyewe. Upepo ukizidi, vali inajibana zaidi. Kipande cha chini kina mtutu na mtambo. Ufunguo wa mraba unaingia tunduni, unauzungusha, unaikunja kamani kuu mpaka inashikwa na kidoko, na hapo kifungo kinachomoza. Ukikibonyeza, nyundo inagonga mguu wa vali, vali inafunguka kwa muda mfupi mno, upepo kidogo unapita nyuma ya risasi, vali inarudi. Tangi likijaa, vali hufunguka kidogo kwa sababu mgandamizo unaipinga nyundo. Likipungua hufunguka zaidi. Kwa hiyo risasi za mwanzo hazipishani sana nguvu, na ukifika chini ndipo zinapoanza kulegea.

Kazi ya kuistahi zaidi ni tangi. Bamba la chuma lilikunjwa kwenye kiolezo chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili, kingo zikapandishwa, kisha maungio yakalehemiwa kwa shaba ya manjano na boraksi kwenye moto wa mkaa. Shaba hiyo huyeyuka karibu na digrii 900. Moto ukipungua, shaba haipenyi na upepo utavuja milele. Ukizidi, chuma kinaungua na kuwa chepesi kuvunjika. Fundi alisoma joto kwa rangi ya chuma. Tafuta mstari mwembamba wa manjano chini ya rangi iliyobanduka: ukiuona ukienda sawasawa urefu mzima bila kukatika, unatazama mkono wa fundi mzuri.

Na pembe waliichagua kwa akili. Ni ngumu, lakini inakubali kidogo inapobanwa, na haishiki kutu. Ilisagwa na kiti chake kwa unga laini mpaka nyuso mbili zikakubaliana, kila vali na kiti chake. Ndiyo maana vali ya bakora moja haiingii kwenye nyengine, na ndiyo maana chembe moja ya mchanga inatosha kuvujisha tangi zima.

Ufundi wenyewe ni wa zamani kuliko bakora yako. Stockholm, kwenye jumba la silaha za wafalme, imehifadhiwa bunduki ya upepo ya miaka ya 1580. Iliyopata sifa kubwa ni ya Bartolomeo Girandoni, mzaliwa wa Cortina d'Ampezzo, ambayo jeshi la Austria liliichukua kuanzia 1780 hivi: tangi ndilo kitako cha bunduki, bomba la pembeni linabeba risasi 20 na zaidi, na kulijaza tangi kwa pampu ya mkono kulitaka mipigo kama 1,500. Meriwether Lewis alibeba bunduki ya upepo katika safari yake ya kuvuka Marekani, 1803 hadi 1806. London, fundi wa bunduki Staudenmayer alitengeneza za mfano wa Girandoni. Bakora ya upepo ni mjukuu wa ukoo huo.

Jengine ni sheria. Umri wa kitu haukutoi kwenye masuala ya silaha. Nenda kituo cha polisi na picha tu, bakora iache nyumbani, uulize utaratibu wa kuimiliki. Na usiiweke kwenye mzigo wa boti wala ndege kabla ya kupata jibu.

---

NtaYaNyuki

Mimi niseme ya usafi, maana hapa ndipo vitu vingi vya Mji Mkongwe vinapofia mikononi mwa wanaovipenda.

Kofia ya shaba usiisugue kwa ndimu, ukwaju wala majivu. Tindikali inatoa zinki kwenye uso wa shaba ya manjano na kuacha wekundu wa shaba tupu, na wekundu ule hauondoki ila kwa kukwangua zaidi. Mafuta ya nazi pia hapana. Yanavunda, yanafanya tindikali, na utaona utando wa kijani mahali shaba inapogusana na ngozi. Ukikuta kijani hicho sasa, kitoe kikavu kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa kama kalamu, chini ya mwanga wa pembeni.

Ile rangi nyeusi yenye vifundo ni nusu ya thamani ya kitu. Ni rangi ya kuokwa, imepakwa tabaka juu ya tabaka. Tina inaibandua, msasa unaila, mafuta ya taa yanaifubaza. Futa vumbi kwa brashi laini ya manyoya, kisha kitambaa cha pamba kikavu. Panapobanduka usipanguse, kitambaa kitashika ukingo na kuung'oa. Palipo pazima paka nta nyembamba sana. Nta safi ya nyuki inafaa ukikosa nta ya makumbusho, ila iwe utando tu: ukiona alama ya kidole imebaki, umepaka nyingi.

Hesi za maungio: brashi kavu ya meno, halafu tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye kitambaa, si kwenye hesi yenyewe. Mafuta yakitiririka yataingia kwenye vali.

Gololi zako zilizofanya unga mweupe zinaliwa na mvuke wa tindikali unaotoka kwenye mbao za kisanduku. Gololi hizo ni za madini ya risasi, na unga ule ni sumu. Vaa glavu, usiupulize, usifanyie kazi mezani pa chakula, osha mikono kwa sabuni. Zitie kwenye mfuko wa plastiki wa kubana, na zisirudi kisandukuni. Kisanduku kihifadhi mbali, pamoja na picha ya jinsi vitu vilivyokuwa vimepangwa.

Kuhifadhi: chukua boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, bakora ilale juu ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila marashi. Boksi la lita 18 hivi linataka jeli ya silika kama gramu 400 na kigeji kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 45 hadi 55. Ikishuka chini ya 40, punguza jeli, kwa sababu pembe ya vali itapasuka na rangi itaanza kunyanyuka. Jeli ikibadilika rangi, ioke digrii 110 hadi 120 kwa saa mbili tatu. Wakati wa masika utaioka mara nyingi, kaskazi mara chache. Na angalia wadudu: wale wanaokula sufi na manyoya hula na pembe pia.

---

FundiWaWete

Salaam kutoka Pemba. Nakubali tangi lisijazwe ovyo, lakini naona pampu inaweza kufufuliwa yenyewe, na kwa kiasi kidogo tangi likajaribiwa.

Wosha ya pampu hizi ni kikombe cha ngozi. Siri yake ni kwamba mgandamizo unaingia ndani ya kikombe na kuutandaza mdomo wake kwenye ukuta wa silinda. Kadiri unavyosukuma, ndivyo inavyoziba. Chukua ngozi iliyotiwa dawa ya magome, unene mm 2 hadi 2.5. Ngozi laini ya viatu vya kisasa haishiki umbo. Silinda ikiwa mm 15 na unataka mdomo wa mm 5, kata duara la mm 25. Roweka maji ya uvuguvugu dakika 20, isukume kwenye tundu la mti la mm 15 kwa kijiti cha mm 10.5, iache humo kivulini siku mbili. Itoe, kata mdomo sawasawa kwa wembe, kisha izamishe kwenye shahamu ya ng'ombe iliyochanganywa na nta kidogo, vuguvugu tu. Ukiipeleka ikichemka, ngozi inajikunja na kuwa kama mfupa.

Pampu ikishika, tia baa 5 tu kwenye tangi, uliache usiku kucha. Baa 5 ni kitu gani? Tairi la gari linachukua 2 na kidogo, la lori linapita 7.

---

KerezoNaTupa

FundiWaWete, maelezo yako ya kikombe nimeyapenda, hasa kijiti cha mm 10.5. Wengi hukata cha 11, ngozi inakosa pa kukaa na inachanika kwenye kona. Kwa pampu yenyewe sina pingamizi, bora ile wosha ya zamani itunzwe kwenye bahasha na isitupwe.

Kwenye tangi ndipo tunapoachana, na naomba tupige hesabu pamoja.

Tangi la bakora linachukua kama robo lita. Tukikadiria kujaza kwa baa 40, umeingiza lita 10 za hewa ya nje. Hewa yetu ikiwa digrii 30 na unyevu asilimia 80, kila mita ya ujazo inabeba gramu 24 hivi za maji. Lita 10 zinabeba gramu 0.24. Ukiibana hewa ile ndani ya robo lita na ikapoa, inaweza kushika mvuke wa chini ya gramu 0.01 tu. Mengine yote yanakuwa maji. Ni matone matano hivi, kila ukijaza, na hayana pa kutokea. Yanashuka mahali pamoja, kwenye mwisho wa tangi unaokaa chini bakora inaposimamishwa. Sasa fikiria bakora iliyojazwa mara kwa mara, halafu ikasimama pembeni mwa mlango miaka na miaka. Nje rangi inang'aa. Ndani kutu imechimba.

Ukuta wa mm 1 ukiliwa nusu, mzigo kwenye chuma kilichobaki ni mara mbili. Kutu ya visima haili sawasawa, na penye maungio ya shaba na chuma pakiwa na maji, chuma ndicho kinachoumia. Wewe unasema baa 5 ni kidogo. Lakini anayejaribu 5 ikashika atajaribu 10, na tangi halitoi onyo. Likiwa na baa 40 limebeba nguvu ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ukianguka kutoka mita 3 na zaidi, na mwenye kulenga huliweka begani, karibu na shavu. Hata baa 5 itarusha kipande cha bamba kilicholegea.

Tairi la lori halilinganishwi, ndugu yangu. Lile limetengenezwa juzi, lina kipimo kilichoandikwa ubavuni, na likianza kuchoka utaona nyuzi.

Anayetaka kulijaribu tangi hulijaza maji, si upepo. Maji hayabaniki, kwa hiyo kwa mgandamizo ule ule hayahifadhi hata sehemu moja ya elfu ya nguvu ya hewa. Bamba likipasuka linatoa machozi tu. Lakini kwa kitu cha aina hii hata maji siyashauri, kwa sababu kuyakausha kabisa kupitia shingo nyembamba ni kazi, na utakuwa umeiongezea kutu uliyotaka kuipima.

Mwenye_Bakora, kama unataka kujua hali ya ndani bila kuitia hatarini, kuna njia mbili. Kamera ya waya ya mm 5.5, wanayo mafundi wa viyoyozi, inaingia shingoni ikiwa vali imetoka. Vali inatoka kwa ufunguo wake wenye meno mawili. Kama ufunguo huo haumo kwenye seti, usiing'oe kwa koleo. Njia ya pili ni kipimo cha unene kwa mawimbi ya sauti, kile wanachotumia wakaguzi wa mabamba ya meli bandarini. Waombe chenye kichwa kidogo, maana kipenyo cha mm 30 kinasumbua kichwa kikubwa. Pima sehemu tatu kwa urefu, na kila sehemu pande nne.

Kabla ya hayo hakikisha tangi halina upepo. Ndiyo, hata baada ya miaka mia. Lifunge kwenye jiliwa yenye mbao laini pande mbili, shingo ielekee ukutani, simama ubavuni, bonyeza mguu wa vali kwa kipande cha mti kigumu. Usitumie kidole wala usitazame shingoni.

---

Mwenye_Bakora

Ahsanteni sana. Polisi nimekwenda na picha, wameandika maelezo na wamenipa utaratibu wa kufuata.

Mtutu ni mtupu, kijiti kimekwenda mpaka mwisho. Tangi halikutoa sauti yoyote, na mguu wa vali unarudi vizuri ukiachiwa. Ufunguo wa meno mawili haumo, kwa hiyo vali sijaigusa. Kipimo cha unene nimepata: upande wa juu karibu na mpini ni mm 1.1, 1.1, 1.0 na 1.1. Katikati 1.0 kote. Karibu na shingo 0.9, 0.8, 0.5 na 0.9. Pale penye 0.5 nje hapana hata doa.

Suala jengine: nimevuta bomba la ndani la mtutu, limetoka kama upanga kwenye ala. La ndani lina mifuo, yaani michirizi iliyochongwa kwa kuzunguka, la nje ni laini. Ni sawa, au nimeharibu?

---

KerezoNaTupa

Hujaharibu. La ndani lenye mifuo ni la risasi moja moja, la nje laini ni la chembechembe za kupigia ndege. Ndivyo zilivyouzwa nyingi. Yapange mbalimbali ndani ya boksi kwa sasa. Yakikaa moja ndani ya jengine unyevu unanasa katikati na baada ya masika mawili hayatatengana. Futa kila moja kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, la ndani kwa kijiti cha mti, kutoka nyuma kwenda mbele.

Ile 0.5 ndiyo jibu la fundi wa baiskeli. Shingo ndiyo upande unaokaa chini bakora inaposimama, na maji yalikaa hapo. Namba hizo ziandike na uchore mahali pake, uzihifadhi pamoja na bakora, ili atakayeirithi asije akashawishika na pampu. Mimi ningefunga na kikaratasi kwenye pampu yenyewe.

---

FundiWaWete

Nimeiona 0.5 na nafuta pendekezo langu la baa 5. Kikombe cha ngozi ukikitaka kwa maonyesho tu, nipimie silinda kwa kalipa sehemu mbili, juu na chini. Pampu za mkono zikichakaa huwa pana katikati, na wosha iliyokatwa kwa kipimo cha mdomoni italegea humo ndani.

---

NtaYaNyuki

Na kabla hujafunga boksi, piga picha ya ile namba kwenye vipande vyote viwili, na pia tazama pampu, kalibu na ufunguo chini ya mwanga wa pembeni. Mara nyingi namba hiyo hiyo imepigwa kwenye kalibu, kwa herufi ndogo karibu na bawaba.